Takojeupe

Nianze na jina, maana jina ndilo lililonitoa darasani.

Kuna ndege mdogo anayepita Uingereza kila mwaka, akija na akirudi. Ukimfumbata mkononi huenda kiganja kisijae. Jina lake la Kiingereza ukilisikia utadhani linahusu ngano na masikio. Wapi! Watu wa kale walimwita kwa kile walichokiona alipokuwa akiruka kuwakimbia, yaani sehemu ya nyuma, nyeupe pee kama imepakwa chokaa. Baadaye wakaja wenye haya, wakalipindapinda lile jina mpaka likafanana na ngano, wakapumua. Mwalimu wetu wa historia alitupa habari hiyo kama mtu anayerusha mfupa mbele ya mbwa akitegemea mbwa asome dua kwanza. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa adabu zote nilizonazo, kwenye mtihani tuandike jina la wenye haya au tuandike Takojeupe.

Nusu ya pili ya somo niliisikilizia koridoni.

Sikukosa kitu. Mlango ulikuwa wazi, na mimi husikia vizuri zaidi nikiwa nimesimama. Kukaa kunanishinda. Mguu wangu wa kulia una maisha yake. Ukiuambia utulie ndiyo kwanza unaanza kupiga ngoma chini ya meza, meza inaanza kutembea, na mwenzangu wa pembeni anaanza kunishitaki. Mama anasema nilizaliwa tayari nimechelewa mahali, na mpaka leo sijafika.

Somo lilikuwa vyakula vya matajiri wa zamani. Mwalimu alieleza kwamba wachungaji wa kondoo kwenye vilima vya kusini, karibu na bahari, walikuwa wakimtega huyu ndege mwishoni mwa kiangazi. Walichimba kijishimo kwenye nyasi, wakaweka tanzi la nywele za farasi mlangoni, wakaegesha bonge la udongo juu yake. Ndege mwenyewe mwoga. Wingu likipita mbele ya jua, kivuli tu, anakimbilia shimoni kwa miguu yake miwili na kujitia kitanzi. Huku London wakubwa walimsubiri mezani akiwa amebanikwa ndani ya majani ya mzabibu, wakamtafuna mzima mzima, mifupa na vyote, mafuta yakiwatiririka kidevuni. Wakaapa kwamba duniani hakuna kitamu kumzidi.

Pale koridoni niliwaza jambo moja tu: hii nampelekea Babu.

Babu ni baba yake Mama. Alikuja kwetu Kingsbury, hapa London, baada ya Pasaka akitokea Kondoa. Bibi alikuwa amefariki, na Mama alisema hawezi kulala akijua baba yake anapikiwa na majirani. Akamleta. Tukampa chumba changu, mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni, jambo ambalo silalamikii, kochi liko karibu na friji. Tatizo likawa kwamba Babu hakutaka kula.

Ugonjwa hakuwa nao. Walimpima damu, wakampima kifua, wakammulika tumbo, hawakuona kitu. Anakaa mezani, ananawa, anaonja vijiko viwili vitatu, anaweka kijiko chini polepole kama kinaweza kuvunjika, anasema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba." Mama alijaribu uji wa ulezi. Alijaribu ugali na mlenda, mlenda wenyewe umekaushwa na shangazi Kondoa na kuletwa ndani ya begi la mtu tusiyemjua vizuri. Alijaribu kuku, maharage, viazi vya nazi. Babu alivisifu vyote, akaviacha vyote. Suruali zake zikaanza kutafuta mtu mwingine.

Uchungu ulikuwa hapa: kazi ya Mama ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, upande wa Wembley. Kutwa nzima analisha wazee wa watu, nao wanamfungulia midomo kama makinda. Anarudi nyumbani anamkuta baba yake mwenyewe kafunga wake.

Mara ya mwisho tulipompeleka kwa daktari, mimi nilikuwa mkalimani wa Babu. Daktari alisema mambo mawili. La kwanza nililitafsiri: mzee akiendelea kupungua hivi watamlaza hospitali na kumlisha kwa mrija. La pili alilisema wakati Babu anafunga vifungo vya shati. Mzee asifikirie kabisa kupanda ndege, hatasafiri kwenda popote mpaka mwili wake urudi. Nikafungua mdomo nitafsiri, Mama akanikanyaga mguu.

Nje nikamuuliza kwa nini.

"Usimtajie safari," akasema. "Kutwa anawaza Kondoa. Ukimtajia safari utamkoroga. Kwanza ale, mengine baadaye."

"Na akishakula?"

"Akishakula atazoea. Atakaa hapa na sisi. Kule atakaa na nani?"

Mguu ulikuwa bado unauma.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba mimi na Babu ni watani, kama ilivyo babu na mjukuu kwetu. Bibi alikuwa mke wetu sote wawili. Kwenye simu Babu alikuwa hanisalimii, ananiuliza tu, "We mwizi, mke wangu unamwambia nini nikitoka?" Nami namjibu, "Mzee, achia ngazi. Mwanamke anataka mwanamume mwenye meno." Nyuma Bibi anasikika akicheka mpaka anakohoa. Bibi alipoondoka, ule utani ukakosa pa kukaa. Siku tuliyompokea uwanja wa ndege nilijaribu. Nikasema, "Karibu, mume mwenzangu." Babu akaniwekea mkono kichwani, basi, tukaenda kutafuta gari.

Sasa siku hiyo niliyotolewa darasani nilirudi nyumbani nikamkuta dirishani, kwenye kiti chake, anaangalia mabasi. Sikuvua hata viatu.

"Babu, hawa watu walikuwa wanakula shomoro."

"Watu gani?"

"Hawahawa. Wazungu. Tena mabwana wakubwa, wenye vijakazi na vijiko vya fedha. Ndege mdogo hivi. Na matako meupe."

"Mabwana au ndege?"

Hiyo ilikuwa kama utani.

"Wote," nikasema.

Nikamwelezea habari za wachungaji na vishimo. Babu akageuza kiti. Sisemi akageuza kichwa, aligeuza kiti kizima, miguu ya kiti ikalia sakafuni.

"Walitegea nini?"

"Tanzi la nywele za farasi."

"Sisi singa za mkia wa ng'ombe. Farasi tungemtoa wapi? Na walimbanika au walimkaanga?"

"Walimbanika. Wakamfunga kwenye majani."

"Utumbo walitoa?"

"Babu, mimi nilikuwa koridoni, habari za utumbo sikuzisikia."

Akaanza kuniambia mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Alipokuwa mdogo kuliko mimi alipewa kazi ya kuamia mtama, yaani kukaa shambani juu ya dungu na kombeo, unawapigia ndege kelele kutwa wasimalize mavuno. Kwelea walikuja wengi kama moshi. Waliowanasa waliwanyonyoa, wakawapitisha motoni na chumvi, wakawatafuna kama karanga. "Kichwa ndiyo kitamu," akasema, na nikaona koo lake likipanda na kushuka. Alikuwa amemeza mate. Babu, aliyekuwa hamezi kitu!

"Huyo wako anapatikana wapi?"

Nikatoa simu, nikatafuta. Majuma hayohayo ndiyo walikuwa wanapita, na kuna watu waliandika kwamba wamewaona kwenye uwanda wa nyasi kando ya bwawa, lile bwawa kubwa kati ya Kingsbury na Wembley. Karibu na kwetu, yaani.

"Jumamosi twende," akasema Babu.

"Siku hizi ukimkamata unafungwa. Wewe utafungwa, mimi nitafukuzwa shule, Mama atatuua wote."

"Nani kasema kumkamata? Kumwangalia tu."

Lakini Ijumaa jioni nilipoingia bafuni kupiga mswaki nikakuta kidude cha uzi wa kusafishia meno kiko wazi, uzi umevutwa mpaka umekwisha. Babu ana meno ya kuhesabika, na hakuna mawili yaliyokaa jirani. Nikalala, au tuseme nikajigeuza kwenye kochi, nikiona picha ya mzee wa Kirangi na mjukuu wake wamefungwa pingu bustanini kwa kosa la kutega kitoweo.

Jumamosi Mama alikuwa kazini. Alituachia sentensi moja tu mlangoni: "Nendeni mnakotaka, mkirudi ale."

Tulipanda basi. Lilikuwa limejaa watu wa mpira wanaokwenda uwanjani, wameshaanza kuimba, na Babu akakaa katikati yao na kofia yake kama mwenyekiti wa timu pinzani. Mkono mmoja hakuutoa mfukoni. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilikuwa nawaza kama nimpekue. Unampekuaje babu yako?

Pale bwawani kulikuwa na upepo unaoingia kwenye mikono ya koti. Uwanda wenyewe ni nyasi fupi, uzio wa miti, na maji ya kijivu nyuma yake. Tulimkuta mzee mmoja tu, Mhindi, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, darubini shingoni, amekaa kwenye kiti cha kukunja, chupa ya chai miguuni. Masikio yalikuwa yametokeza nje ya kofia, makubwa, mekundu kwa baridi. Akatupungia mkono tupunguze mwendo, akatuambia kwa Kiingereza, kwa kunong'ona, kwamba yuko mmoja karibu na uzio, tafadhali tusimshitue.

"Anasemaje?" Babu akauliza.

Mtu anayeachiwa ukalimani baina ya wazee wawili wasioelewana, halafu asifanye kitu, huyo mimi simwamini.

"Anasema ukimgusa ndege anaita polisi."

Babu akatoa mkono mfukoni haraka. "Mwambie sisi ni watu wa amani. Halafu muulize, hapa wananasa wengi?"

Nikamgeukia yule mzee, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba babu yangu anapenda sana viumbe vya Mungu na ameacha kula nyama kwa ajili yao. Mzee akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akasema ni jambo jema sana.

"Anasemaje?"

"Anasema msimu huu hawajanona."

"Uongo. Mwindaji hakuonyeshi shimo lake." Babu akamtazama yule mzee kwa jicho la biashara. "Na mwambie masikio yote hayo, kama sahani za televisheni, lakini macho hana. Ndege mwenyewe yuko kule kushoto."

Nikamwambia mzee kwamba babu yangu anauliza kama amekaa hapo muda mrefu.

Yule mzee akashusha darubini. Akainua kofia kidogo, masikio yakatoka yote.

"Kijana," akasema, "sahani yangu nashika vizuri sana. Stesheni zote. Mimi nazaliwa Dodoma."

Kwa Kiswahili!

Sijui kama umewahi kutamani ardhi ipasuke halafu ukaangalia chini ukakuta nyasi tu, zimekatwa vizuri. Nikaanza kusema samahani kwa lugha zote mbili. Lakini nyuma yangu kukatoka sauti ambayo sikuitambua, kama mlango uliokwama unafunguliwa. Babu alikuwa anacheka. Aliinama, akashika magoti, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Dodoma!" akasema. "Dodoma, mwanangu! Umekamatwa!"

Yule mzee akampisha kiti. Alikuwa fundi wa miwani hapa London mpaka alipostaafu, aliondoka Dodoma akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile alichoondoka nacho, hakijaongezwa wala kupunguzwa. Akamvisha Babu mkanda wa darubini, akamshika bega, akamwelekeza.

Na mimi nikamwona, kwa macho matupu. Kifua cha rangi ya chai ya maziwa, mgongo wa kikahawia, mstari mweusi jichoni kama jambazi. Hakutulia. Anakimbia hatua chache, anasimama wima, anainamisha kichwa, anakimbia tena, anaruka juu ya nguzo, anashuka. Nikampenda hapohapo. Halafu akaruka kwenda nguzo ya pili akatuonyesha kwa nini watu wa kale walimpa jina lile, na nikaumia kwamba mwalimu hayupo.

"Hii ndege tamu sana," akasema mzee wa Dodoma, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia mjukuu.

Babu akatoa darubini machoni taratibu. Akamsogelea. Akashusha sauti.

"Umeshamla?"

"Nani?"

"Huyu. Tuambie tu, sisi hatusemi kwa mtu. Unambanika?"

"Mimi?" Mzee akasimama. "Mimi kula? Mimi hata yai hapana kula! Tangu nazaliwa! Mama yangu hapana kula, bibi yangu hapana kula!"

"Sasa utamu wake umeujuaje?"

"Kwa macho, bwana! Tamu kwa macho! Tamu kwa roho!"

"Aa," akasema Babu, kwa huruma kabisa, kama aliyeambiwa mtu ana ulemavu. "Kwa macho."

Mimi nilikuwa nimeshakaa chini kwenye unyevu, sina mbavu. Ndege akatukimbia mpaka nguzo ya mwisho.

Mzee wa Dodoma hakukasirika kwa muda mrefu. Akafungua kopo, akatoa kachori zilizofungwa kwenye karatasi, akatugawia. Mimi nikala yangu kabla haijanifikia vizuri. Babu akaipokea yake, akashukuru, akaishika tu. Nilijua mwisho wake: ingezunguka mkononi, ingeingia mfukoni, ningeikuta jioni kwenye pipa la takataka imefunikwa na maganda.

"Na kwa nini anahangaika hivi?" Babu akauliza. "Hakai."

"Anatafuta chakula. Sasa hivi kazi yake kula, kula, kula. Buibui, mdudu, chochote. Lazima kifua najaa mafuta. Safari yake mbali."

"Anakwenda wapi?"

"Kwenu!" Mzee akacheka. "Nadhani wewe najua. Dodoma, Singida, Kondoa, huko. Baridi ya hapa hapana ngoja. Mwezi huu wanaondoka."

Babu akamtazama yule ndege, akamtazama mzee.

"Huyu? Kwa mabawa hayo?"

"Kwa mabawa hayo."

"Na aliyekonda?"

"Aliyekonda hapana fika, bwana. Anabaki hapa. Baridi nakuja, yeye kwisha."

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho mwalimu hakukisema, au labda alikisema nikiwa nachungulia koridoni kuona nani anapita. Yale mafuta yaliyowatiririka mabwana kidevuni, ule utamu walioapa kwamba hauna mfano, ilikuwa nauli ya mtu. Walikuwa wanamsubiri amalize kujaza tangi ndipo wanamla. Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Nilitafuta, sikupata.

Babu aliagana na mzee wa Dodoma kwa kushikana mikono miwili, akamwambia akifika Kondoa amtafute, mzee akasema sawa bwana, wote wawili wakijua hatafika. Tukatembea kwenda kituoni. Kachori bado ilikuwa mkononi mwake.

Kwenye benchi la kituo alikaa, mimi nikazunguka nguzo.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Mguu ukaanza.

"Siku ile kwa daktari. Mama yako alikukanyaga."

"Alijikwaa tu."

"Nilikuwa nafunga vifungo, sikuwa nafunga macho. Daktari alisema nini?"

"Alisema una sura nzuri kwa umri wako, wauguzi wawe waangalifu."

"Mjukuu wangu."

Hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni mwizi, mimi ni mume mwenza, mimi ni kijogoo kisichojua kuwika. Basi lilikuja, milango ikafunguka, dereva akatutazama, tukamtazama, milango ikafungwa.

"Mimi nilipiga hesabu yangu," Babu akasema. "Mgeni asiyekula ni mzigo. Ukimchoka unamrudisha kwao. Nikasema nitawachosha. Mama yako hachoki." Akageuza kachori upande wa pili. "Sasa naanza kuona hesabu yangu nimeikosea. Daktari alisema nini?"

Nilisimama. Nikatembea mpaka kwenye ubao wa ratiba, nikausoma kama una habari mpya, nikarudi. Nilikuwa najua vizuri kabisa kilichokuwa mbele yangu. Nikinyamaza, atasubiri tuchoke, na kabla hatujachoka watamchukua wale wa hospitali na mrija wao. Nikisema, atakula. Akila, ataondoka. Na alikuwa amecheka muda mfupi uliopita, kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyemchekesha, na nilikuwa tayari nimeshapanga mizaha ya wiki nzima ijayo. Hilo nalo liliniuma, sitaki kudanganya. Ningependa kusema nilimfikiria yeye tu.

"Alisema ukiwa hivi hawakupandishi ndege," nikasema. "Mpaka mwili urudi. Ukirudi, hakuna tatizo. Unaweza kusafiri."

"Alisema hivyo? Hakuna tatizo?"

"Hivyohivyo. Hiyo sijaipindisha."

Babu akaileta kachori mdomoni, akaing'ata. Alitafuna upande mmoja, upande wenye meno, kwa bidii, kama mtu anayelima. Machozi yakamtoka.

"Babu?"

"Pilipili," akasema. "Huyu Mhindi wa Dodoma hana huruma." Akang'ata tena.

"Kwa hiyo utaondoka."

"Nitaondoka."

"Na sisi je?"

"Ninyi mnakula vizuri," akasema mdomo umejaa. "Mtakuja."

Kwenye basi aliniambia tusimwambie Mama siku hiyo. Mwache afurahi kwanza, alisema. Yeye mwenyewe atamwambia atakapokuwa na kifua. Nikasema sawa, ingawa nilijua Mama akigundua atakanyagwa mtu, na mtu huyo ana mguu mmoja tayari umeshazoea.

Jioni Mama alirudi amechoka, akapika ugali na dagaa, akaweka mezani bila kutazama, kama anavyofanya siku hizi ili asione kijiko kikiwekwa chini. Babu akanawa. Akamega tonge, tonge la kiume, akalichovya, akala. Akamega lingine. Mama alikuwa anasimulia habari za basi lililochelewa, akakatika katikati ya neno. Mkono wake ukabaki hewani na chumvi. Babu akamega la tatu. Mama akainuka, akasema anakwenda kuangalia kitu jikoni, na jikoni hakukuwa na kitu. Mara nikamsikia kwenye simu na shangazi, sauti imepanda, inacheka na kulia kwa pamoja: "Anakula! Nakwambia anakula! Baba anakula, njoo umwone mwenyewe!"

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikwenda dirishani, nikarudi. Babu akamaliza dagaa, akafuta bakuli kwa kidole, akanisogezea sahani.

Nikachukua mwiko. Nikakata kipande kidogo cha ugali, kidogo kweli, nikamwekea.

Babu akakitazama kile kipande. Akanitazama mimi. Jikoni Mama alikuwa anamwambia shangazi kwamba sasa mzee amezoea, sasa atakaa.

Nikaongeza.